Sekunde Kumi kwa Zahanati ya Wamunyu

Nilikuwa na hasira za karibu nilipoajiriwa kutunza kompyuta za maabara ya hospitali moja ya misheni mjini Machakos. Zahanati za vijijini zilituletea damu na makohozi ya wagonjwa, tukapima, na majibu yakawekwa kwenye kompyuta kuu ambayo programu yake niliiandika mwenyewe. Muuguzi wa zahanati aliyasoma kule kwake kwa kompyuta iliyounganishwa na simu ya mkononi. Intaneti ya simu ndiyo kwanza ilikuwa imefika.

Ugonjwa ni siri ya mtu, kwa hiyo mawasiliano yote yalifungwa kwa msimbo. Kabla ya kuzungumza kwa siri, kompyuta mbili lazima zisalimiane: moja hutaja misimbo inayoijua, nyingine huonyesha cheti chake, kisha hukubaliana ufunguo. Programu yangu ilisalimia mgeni mmoja mmoja, yaani kila kompyuta iliyokuja kuuliza majibu. Mgeni akianza salamu halafu mtandao ukamkatikia, ilimngoja, na nyuma yake foleni nzima ikasimama, wodi zetu zikiwemo. Mkuu wa maabara alinijia mara tatu kwa siku, mikono kiunoni.

Dawa ya kweli ilikuwa kuiandika upya isalimie wengi kwa pamoja. Hiyo ilikuwa kazi ya wiki mbili, nami nilikuwa nimechoka kusemwa. Nikaongeza mstari mmoja: asiyemaliza salamu kwa sekunde kumi akatwe. Foleni ikaisha siku hiyo hiyo. Mkuu akanisifu mbele ya watu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Taarifa za waliokatwa zilipoanza kujaa kwenye kumbukumbu za makosa zilinikera, nikaizuia kompyuta isiziandike tena.

Wiki chache baadaye aliingia ofisini kwangu muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Wamunyu, mama wa rika la mama yangu, viatu vimejaa vumbi.

"Wewe ndio wa kompyuta?"

"Ndiyo, Sista. Karibu ukae."

"Sikai. Niko na mgonjwa, mchongaji, anakohoa. Nikipigia maabara wanasema majibu iko kwa kompyuta. Nikiangalia kompyuta inasema hakuna majibu mapya. Sasa niamini nani?"

Nilifungua nikayaona. Yalikuwa na siku kumi na tisa: kifua kikuu. Nikamuuliza mtandao wao ukoje.

"Ni wa kuweka simu dirishani na kuomba Mungu."

Hapo nikaelewa. Salamu za zahanati yake hazikuwa zikimalizika kwa sekunde kumi, nami nilikuwa nikimfungia mlango kila siku. Hayo maneno "hakuna majibu mapya" pia niliyaandika mimi, yatokee kwa hitilafu yoyote ile, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuandika mengine. Nilimweleza yote.

Hakunigombeza. "Mimi nimemwambia bado, bado, kila akikuja," alisema. "Leo utaenda umwambie wewe."

Niliuondoa ule mstari, tukachukua dawa, tukaenda. Tulimkuta yule mchongaji amekaa kwenye vumbi la mbao na wenzake wanne, twiga wa mti mapajani. Muuguzi alimwita kando. Nikamwambia ni kifua kikuu, kwamba majibu yalikuwa yametoka zamani, na kwamba kosa la kuchelewa ni langu. Nilitamani anitukane.

"Tangu lini?" akauliza.

"Siku kumi na tisa."

Aliangalia chini. "Sista aliniambia nikipatikana nayo nisilale na mtoto. Nikasema wacha ningoje majibu. Tuko na kitanda moja."

Nilishikwa na aibu ambayo hadi leo haijaniisha.

"Na yeye apimwe?" akaniuliza mimi, si muuguzi, kana kwamba mimi ndiye daktari.

"Apimwe," nikasema.

"Yuko na miaka mitatu," akasema. Muuguzi alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa mchongaji.