Usingizi wa Daktari Damari

Kwa miaka ishirini na minne Damari alikuwa hajaamka mwenyewe hata siku moja. Aliamshwa. Akiwa nyumbani kwake Mandewa aliamshwa na simu ya mtu ambaye mbuzi wake amevimba tumbo. Akiwa vijijini aliamshwa na mlango kugongwa, na nyuma ya mlango kulikuwa na sauti inayosema shikamoo haraka haraka ili ifike kwenye shida yenyewe. Vyeti vyake vinasema afisa mifugo, lakini watu wote wanamwita daktari, na ng'ombe, kwa wasiomjua, hana adabu ya kusubiri kuche ndipo azae.

Kwa hiyo mwaka huu, alipotimiza miaka hamsini na moja na kupewa likizo ya wiki mbili, hakutaka kwenda kuona bahari wala kumtembelea dada yake Arusha. Alitaka kitu kimoja, na alikisema waziwazi mbele ya mumewe, Stanley. Alitaka kulala mahali asipojulikana, na kuamka pale macho yatakapochoka yenyewe kufumba.

"Si ulale hapa hapa, mimi nifunge geti?" Stanley aliuliza.

"Geti ulilifunga Pasaka. Wakaruka ukuta."

Kweli waliruka, na mmoja wao aliruka na kuku mgonjwa mkononi.

Marafiki wa safari walikuwepo tayari. Eliya ni fundi pikipiki wa Kiomboi, mtu wa maneno mengi ambaye chombo chake amekiunga mwenyewe kutokana na pikipiki mbili zilizokufa. Belinda anafundisha baiolojia sekondari, ana pikipiki ya kawaida aliyoivisha matairi ya meno, na huanguka mara moja kila safari bila kukasirika. Watatu hao wamezoea kila mwaka, alizeti ikishavunwa, kupita njia za nyuma ya milima kwa raha zao tu, kisha jioni kila mtu anarudi kwake. Safari hii Belinda aliazima hema. Jirani wa Damari alipoliona likifungwa kwenye pikipiki alishindwa kuvumilia.

"Mama, nyumba yako ina vitanda vinne. Mnakwenda kulala chini?"

"Chini kabisa," Damari alisema, akakaza kamba.

Alijiandaa kama mtu anayetoroka deni. Simu alimwachia Stanley. Kisanduku cha chanjo alikiacha, glovu aliziacha, hata koti la kazi alilifungia kabatini. Alijichagulia milima iliyo juu ya Kinyangiri, ambako alifanya kazi zamani, akiwa ndiyo kwanza ameajiriwa, kisha akahamishwa. Wenyeji wa kule, alijipa moyo, wangekuwa wamemsahau. Akajiona mjanja sana.

Alichokisahau ni pikipiki yenyewe.

Ile ni pikipiki ndefu ya kupandia milima, ya zamani, aliyopewa kazini siku ya kwanza na kuinunua baadaye ofisi ilipoipiga mnada. Eksozi yake ilipasuka mwaka wa pili. Ikipanda kilima inakohoa mara mbili, halafu inanguruma, na ukiwa ng'ambo ya bonde unaisikia kama iko uani kwako. Eliya amemwomba miaka yote aichomelee, na miaka yote Damari amekataa, kwa sababu nzuri kabisa. Wafugaji wakiisikia kwa mbali huanza kuingiza ng'ombe zizini. Yeye akifika, mifugo imeshapangwa, watu wameshakaa tayari na kamba, na nusu ya kazi imekwisha kabla hajavua kofia. Kelele ile imemfanyia kazi kuliko msaidizi yeyote aliyewahi kupewa na serikali. Na ndiyo hiyo aliyoipanda kwenda kujificha.

Walikutana kwa Eliya, wakaondoka Kiomboi saa mbili asubuhi, baridi ya Agosti ikiuma vidole. Baada ya nyumba za mwisho waliiacha barabara kubwa wakashika njia ya ng'ombe, kati ya mabua ya alizeti na mawe makubwa yaliyobebana. Damari alisimama juu ya vikanyagio, akaiacha pikipiki icheze chini yake, na kifua chake kikafunguka. Njia ileile, makorongo yaleyale, ila leo hakuna mtu anayemsubiri mwisho wake! Aliimba ndani ya kofia, vibaya sana, na hakujali. Kwenye mchanga wa mto mkavu Belinda alianguka anguko lake la mwaka, wakamnyanyua, wakanywa chai ya chupa, wakaendelea.

Kama angekuwa makini angeona mambo. Mvulana mmoja mchungaji aligeuza ng'ombe wake wote ghafla na kuanza kuwarudisha nyumbani mbio. Mama mmoja alisimama kando ya njia na mbuzi wawili wa kamba, akipunga mkono. Damari alimpungia pia, akasema moyoni watu wa huku wachangamfu. Eliya, aliyekuwa nyuma, aliona kila kitu na akacheka peke yake kimyakimya, mbaya sana yule.

Saa kumi jioni walifika juu ya mlima, kwenye uwanda mdogo wa majani makavu, Kinyangiri ikionekana chini kabisa na kaya moja tu ya karibu, nyumba ya udongo na zizi, mteremko kidogo kutoka pale. Walisimamisha hema. Belinda aliwasha moto, akatoa chupa ya mafuta ya alizeti na viazi vya kukaanga. Damari alivua viatu. Alikuwa ndiyo kwanza amenyoosha miguu aliposikia mtu anapanda mbio.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, anahema. Alijitaja kuwa Manase, wa nyumba ile ya chini.

"Shikamoo daktari."

Damari aliikunja miguu. Alitamani kulia, kweli, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Kabla hajafungua mdomo Eliya akaingilia.

"Daktari gani? Huyu mama ni mfanyabiashara wa vitunguu."

Manase alimtazama Damari, akaitazama pikipiki, akamrudia Eliya kwa heshima. "Kaka, ile pikipiki naijua tangu niko darasa la tatu. Mama alipoisikia tu akasema, Mungu amemleta daktari. Ng'ombe wetu amelala tangu mchana. Ndama ametoa mguu mmoja, wa pili hauonekani."

Damari aliitazama pikipiki. Hasira ilimpanda, si kwa Manase, bali kwa eksozi, kwa akili yake mwenyewe, kwa miaka ishirini na minne. Kisha akavaa viatu.

"Belinda, lete yale mafuta ya alizeti."

"Ya kukaangia?"

"Sasa hivi ni ya kuzalishia. Na wewe muuza maneno, fungua kamba za hema, mbili zilizo ndefu."

Zizini walimkuta mama wa nyumba, Agripina, bibi mwembamba aliyejifunga kanga mbili, amepiga magoti kando ya kichwa cha ng'ombe na kumsemesha kwa Kinyiramba kama anavyosemeshwa mwanamke mwenye uchungu. Damari alimwamkia, akaosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye mabega, akajipaka mafuta, akalala chini kwenye samadi. Kichwa cha ndama alikipata mahali pake. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjika kwenye goti. Alisubiri ng'ombe apumzike kusukuma, akamrudisha ndama ndani taratibu, akaufunika ukwato kwa kiganja usimchane ng'ombe, akauvuta mpaka ukaja. Alifunga kamba kwenye miguu yote miwili.

"Akisukuma, vuteni kuelekea chini. Akiacha, acheni. Eliya, hii siyo pikipiki!"

Ndama alitoka kwa mkupuo mmoja, akaanguka, hana pumzi. Damari alimsafisha pua, akamsugua kwa majani, akamchokoa puani kwa unyasi mkavu. Akasugua tena. Ndama akapiga chafya. Belinda, aliyefundisha uzazi wa wanyama miaka kumi na tisa akichora ubaoni, alipiga vigelegele mpaka ng'ombe mwenyewe akageuka kumtazama. Damari naye alifurahi, kama anavyofurahi kila mara, maana hajawahi kuizoea ile chafya.

Lakini furaha ilipotulia akajua usiku wake umeingia hatarini. Agripina alikuwa ameshamtuma Manase akatandike kitanda cha ndani, na kuku alikuwa anakimbizwa uani. Damari alijua yatakayofuata, ameyapitia katika nyumba mia. Atalazwa kitanda kizuri kuliko vyote, na kabla ya jua kutoka uwanja utakuwa umejaa mifugo ya majirani, maana akiwa ndani ya nyumba atakuwa daktari aliyekuja.

"Mama," alisema, "naomba nikalale kule juu."

Agripina alidhani hakusikia vizuri. "Kule kwenye mawe?"

"Kwenye hema letu."

"Mwanangu, umeniokolea ng'ombe. Watu watasema Agripina amemlaza mgeni porini na nyumba anayo. Nitapita wapi mimi?"

Hapo Damari akamwambia yote, akiwa bado na samadi mpaka mabegani. Alimwambia kuhusu simu, mlango na ukuta wa Mandewa. Alimwambia kwamba amechoka, na neno hilo hakuwahi kulisema mbele ya mfugaji yeyote. Akaongeza: "Sitaki malipo, mama. Nataka kulala mpaka niamke mwenyewe. Hiyo tu."

Bibi alikaza kanga kiunoni.

"Ukiamka mwenyewe, utakuwa umelipwa?"

"Nitakuwa nimelipwa."

"Basi nenda. Ila kuku atakufuata huko huko. Kwa hilo usinibishie."

Kuku aliwafuata kweli, ndani ya sufuria, na ugali wa mtama, wakala mpaka wakashindwa kuongea. Hema lilikuwa limelegea upande mmoja kwa kukosa kamba, linakaa kama kofia ya mlevi. Eliya, akilamba vidole, alisema Jumatatu ataichomelea ile eksozi iwe kimya kama paka.

"Utaichomelea," Damari alisema. Alimaanisha.

Alipojilaza hakuwa na matumaini makubwa. Alikuwa amemwona jogoo mwekundu pale uani, kifua mbele, na anayajua majogoo ya Singida. Saa kumi alfajiri atawika, atajibiwa na wenzake, mbwa watabweka, na baada ya mbwa watakuja watu. Akavuta blanketi, akasema angalau mpaka hapo.

Kilichomwamsha ni joto. Kitambaa cha hema kilikuwa cha njano kwa jua, jasho limemtoka shingoni. Alilala akiangalia juu, mwili mzito na mtamu, bila kujua yuko wapi, akageuza mkono kutazama saa. Saa tatu na nusu! Aliketi ghafla. Hakukuwa na jogoo, hakukuwa na mbwa, hakuna sauti yoyote, na kwa mtu wa kazi yake kimya kama kile ni dalili mbaya. Akafungua zipu kwa haraka.

Eliya na Belinda walikuwa wamekaa kwenye majivu ya moto, kila mmoja na kidole mdomoni. Eliya kukaa bila kusema, hilo peke yake lilikuwa ajabu. Belinda alionyesha chini.

Katikati ya njia, hatua kama arobaini kutoka hema, Agripina alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo imelala magotini, amewapa wao mgongo. Mbele yake, majani yote yalijaa watu. Damari alihesabu hadi kumi na tisa akaacha. Walikuwa na mbuzi, na punda mwenye kidonda sikioni, na beberu aliyefungwa mdomo kwa kitambaa. Mama wa jana wa mbuzi wawili alikuwepo. Walikaa kimya kama wako kanisani, na yeyote aliyekohoa alitazamwa na Agripina. Pembeni ya kigoda kulikuwa na tenga lililogeuzwa, juu yake yamefunikwa mablanketi mawili, na Manase amelikumbatia.

"Wako hapo tangu alfajiri," Belinda alimnong'oneza. "Bibi amekuja kabla yao."

Damari aliteremka miguu mitupu. Agripina aliposikia nyayo aligeuka, na hakusalimia kwanza.

"Umeamka mwenyewe?"

"Nimeamka mwenyewe, mama. Shikamoo."

"Hakuna aliyekugusa, wala kukuita?"

"Hakuna."

"Mmesikia," Agripina aliwaambia watu. Ndipo akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Damari alikaa chini pale pale njiani akalia. Hakulia kwa uchungu hata kidogo. Miaka yote alidhani watu hawa wanaona mkono wake na sindano tu, kumbe walikuwa wanaweza kumsubiri. Hakuna aliyewahi kuwaomba, basi. Alijifuta kwa kiwiko, akaonyesha tenga.

"Na hapo kuna nini?"

"Jogoo wangu. Huyo angenitia aibu."

Manase akaondoa mablanketi. Jogoo alitoka manyoya yamevurugika, akapanda juu ya jiwe, akawika saa tatu na nusu asubuhi kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na watu kumi na tisa na zaidi wakaangua kicheko walichokuwa wamekizuia tangu alfajiri.

"Eliya," Damari alisema bila kugeuka, "ile eksozi iache."

Kisha akakunja mikono ya shati, akawatazama watu na wanyama wao. Dawa hakuwa nazo, lakini macho na mikono alikuwa nayo, na ulikuwa umepita muda mrefu sana tangu mwili wake uwe mwepesi namna hiyo.

"Haya. Wa kwanza nani?"

"Wa kwanza ni uji," Agripina alisema, na hakuinuka kwenye kigoda mpaka Damari alipoumaliza.