Mbuzi Watatu wa Majaribio

Acha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu wa Tawa, maana huko mpaka leo wananiita Mama Ntheo, na yule mama wa chai pale sokoni hawezi kunijazia kikombe kabla hajaniuliza mbuzi wangu wanaendeleaje. Aibu ni yangu, nimeizoea, siku hizi hata naitikia.

Kazi yangu, kwa asiyejua, ni kutengeneza maduka ya mtandaoni. Nina ofisi Wote, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo (ukiingia utasikia harufu ya dawa ya kupe, usishtuke), na mtu akitaka kuuza bidhaa zake kwa simu bila kuibiwa, ananitafuta. Ndivyo nilivyotafutwa na chama cha wafugaji wa mbuzi wa Tawa. Walikuwa wameumizwa. Mtu anakuja, anachagua mbuzi, anaonyesha meseji ya malipo kwa simu, wanamfungulia zizi, kumbe meseji ameiandika mwenyewe. Kwa hiyo wakanipa kazi kwa sharti moja: mbuzi asitoke zizini kabla malipo hayajaingia. Akitoka hata mmoja, mimi nje, kazi iende kwa kampuni fulani ya Nairobi iliyokuwa imeshaleta makaratasi yake yenye picha za rangi.

Nami nilivyo na mdomo, nikasimama mbele ya kamati nikasema, "Mfumo wangu hata mimi mwenyewe siwezi kuudanganya." Kumbukeni hayo maneno.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri, si kujisifu. Mnunuzi anachagua mbuzi kwa picha, analipa, oda inaandikwa IMELIPIWA kwa herufi kubwa, dereva anapata meseji, na mpokeaji anapata nambari ya siri ya kumpa dereva ndipo ashushiwe. Hata watoto walioko mbali wangeweza kununulia wazazi nyumbani na kuandika kaujumbe ka upendo. Dereva alikuwa Kilonzo, mwenye pikapu, mtu mwaminifu ambaye akishika neno halimtoki. Nilimfundisha siku nzima. Nikamwambia, "Kilonzo, ukiona IMELIPIWA, peleka. Mtu akikupigia akwambie rudi, huyo ni tapeli. Hata ukisikia sauti yangu, usirudi, siku hizi wanaiga sauti." Kilonzo akaandika kwa kitabu chake, akapiga mstari chini ya "hata sauti yake".

Sasa, Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya uzinduzi, nilikuwa kwa ofisi ya chama Tawa nafanya majaribio ya mwisho, na mtandao wa Tawa siku hiyo ulikuwa unatembea kwa magoti. Kila nikijaribu malipo nangoja, nangoja, yanakataa. Nikachoka. Nikaandika kamstari kamoja kadogo ndani ya mfumo: oda yoyote ikitoka kwa simu yangu, ihesabiwe imelipiwa. Nitakafuta jioni, nikajiambia. (Jioni nilikuwa napiga pasi nguo ya uzinduzi. Kamstari kakalala pale pale.)

Nikaweka oda ya majaribio. Mbuzi watatu, kwa sababu kuanzia watatu usafiri ni bure na nilitaka kuona kama hesabu inakubali. Nikabofya picha tatu za kwanza, majike wawili na dume. Jina la mnunuzi, nikaangalia karatasi iliyokuwa mezani, nikaona sahihi ya meneja wa chama, nikaandika Josphat Musyoka. Mahali pa kupeleka, ramani ilitaka boma la kweli, na boma ninaloweza kuliweka kwa ramani nikiwa nimefumba macho ni letu, Kalamba. Mpokeaji: Mzee Nzioka, baba yangu, na nambari yake ya simu. Kaujumbe nacho hakakutaka kuachwa wazi, basi nikaandika maneno ya biashara, ya kumvutia mteja arudi: "Hawa ni mwanzo tu. Wengine wanakuja."

Wakamba wenzangu mmeshashika vichwa. Kwa wengine acha nieleze. Kwetu, mbuzi watatu wakiingia kwa boma lenye binti asiyeolewa, hakuna mtu anauliza wametoka duka gani. Hiyo ni ntheo. Binti ameposwa. Na dume akishachinjwa, wazee wakala, maneno yamekwisha, huyo msichana ana mwenyewe, ana mume. Mimi ni Mkamba, nimekula ntheo za binamu zangu wanne, lakini siku hiyo niliona tatu kama nambari tu. Na mimi ndiye binti pekee wa Mzee Nzioka niliyebaki, miaka thelathini na minne, na baba alikuwa ameacha kuniuliza, jambo ambalo lilikuwa linaniuma kuliko alipokuwa akiuliza.

Mngesema oda ya majaribio haiendi kwa dereva, na ni kweli, mahali pa dereva nilikuwa nimeweka nambari yangu. Lakini asubuhi ile ya Ijumaa Kilonzo alikuja akakataa kuondoka mpaka alione jina lake kwa mfumo kwa macho yake, nikamwekea, nikasahau. Oda ikamfikia yeye, na Jumamosi asubuhi akapakia.

Jumamosi, hema limejaa. Mchungaji amefungua kwa maombi na ndiye ameshika maikrofoni. Meneja Musyoka yuko mbele na suti, kando yake mkewe, Mama Mbithe, mwanamke wa heshima na kitambaa kikubwa kichwani, anayeongoza akina mama kanisani. Simu yangu nimeiunganisha na skrini kubwa na spika ili watu wote waone na wasikie. Nikaanza kueleza, nikachangamka, nikarudia yale maneno yangu, "Hata mimi mwenyewe siwezi kuudanganya," nikafungua ukurasa wa oda ambao ulipaswa kuwa mtupu.

Haukuwa mtupu. Skrini nzima: ODA YA KWANZA. MBUZI 3. IMELIPIWA. IKO NJIANI. Mnunuzi, Josphat Musyoka. Mpokeaji, Mzee Nzioka, Kalamba.

Watu wakapiga makofi! Mchungaji akasema, "Haleluya, meneja wetu ametuonyesha mfano!" Meneja akasimama nusu, akapungia watu mkono bila kujua anapungia nini. Mama Mbithe peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anasoma skrini polepole, akamgeukia mumewe.

"Kalamba kuna nani?"

"Sijui," akasema meneja, na ni kweli alikuwa hajui, lakini hakuna jibu baya kwa mke kama hilo.

Mimi jasho lilishaanza. Nikamwomba mchungaji simu yake (yangu ilikuwa imefungwa kwa waya kama mbuzi wa sadaka), nikakimbia nyuma ya hema, nikampigia Kilonzo.

"Kilonzo, ni mimi Mueni. Rudisha hizo mbuzi!"

"Mueni gani?"

"Mueni wa mfumo!"

"Mueni wa mfumo aliniambia kuna mtu atapiga na sauti yake. Na hata namba si yake. Pole sana, ndugu tapeli." Akanikatia.

Nikapiga tena, sasa nalia kabisa, namsihi, namtajia mpaka rangi ya shati alilovaa jana. Akanisikiliza kwa utulivu, kisha akasema, "Hapo kwa kulia umeiga vizuri sana," na kuzima simu. Mchungaji, aliyekuwa amenifuata kudai simu yake na kusikia yote, akaichukua akarudi kuwaimbisha watu, nami nikabaki pale karibu saa nzima nikiogopa kurudi.

Nikiwa bado nyuma ya hema nikasikia simu yangu ikilia huko ndani, mlio ukitoka kwa spika kubwa mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Nikachungulia. Kwenye skrini kumeandikwa BABA. Na mchungaji, mtu mwema, asiyependa simu ya mzazi ikose kupokelewa, akanyoosha kidole akabonyeza.

"Mueni!" Sauti ya baba ikajaa hema. "Mueni mwiitu wakwa, binti yangu, mbuzi zimefika!"

Nikaanza kukimbia, lakini hema lilikuwa limejaa na kila mtu amesimama kusikiza.

"Nimesomea dereva nambari, akashusha zote tatu. Na hiyo meseji, mwanzo tu, wengine wanakuja! Huyo kijana amelelewa. Nimeita baba zako wadogo wote wawili, na dume tumeshachinja. Sasa tuambie tu, huyu Josphat Musyoka ni wa ukoo gani? Isiwe ni wa ukoo wetu, tupate shida!"

Hema lote likageuka kumtazama meneja, na meneja akatazama viatu vyake. Mama Mbithe akainuka taratibu, akatengeneza kitambaa, akachukua maikrofoni kutoka kwa mchungaji.

"Mzee, habari ya huko. Huyu Musyoka ni wa ukoo wa watoto wangu watano. Mimi ndiye mke wake."

"Aiya!" akasema baba. Kisha akaongeza, kwa heshima kabisa, "Na wewe mama, mwaitu, umekubali?"

Watu waliolala chini kwa kicheko siku hiyo, sijui niseme wangapi. Mimi nilitamani ardhi ya Tawa ipasuke, lakini hiyo ardhi ni ngumu, mnaijua. Nikafika mbele, nikachomoa waya, nikachukua maikrofoni nikasema yote: kamstari, majaribio, jina la meneja, boma letu, dereva aliyekataa kurudi. Nilipomaliza kicheko kilikuwa kimekwisha, kwa sababu mama mmoja mzee, mwanachama wa siku nyingi, aliuliza kutoka nyuma swali la maana kuliko yote.

"Kwa hivyo mbuzi zetu tatu zimetoka bila kulipwa?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Na wewe ndiye ulisema huwezi kuidanganya?"

"Ndiyo."

Nikajua kazi imeenda Nairobi. Nikaanza kukunja waya zangu. Lakini yule mama alikuwa hajamaliza. Akamuuliza mchungaji, ambaye alikuwa amenifuata nyuma ya hema kudai simu yake, kama ni kweli dereva amekataa kurudi. Mchungaji akasimulia yote, mpaka ile ya kulia. Mama akatikisa kichwa.

"Basi mlango aliuacha wazi yeye, lakini askari aliyemfundisha hahongeki. Afute hako kamstari kake hapa, tukiona. Alipe mbuzi. Na akimaliza aendelee na kazi, huyu sasa hawezi rudia."

Nikakafuta kwenye skrini kubwa, watu mia wakinisimamia kama mtoto anayeandika ubaoni, na nikalipa kwa simu yangu mbele yao. Mtandao, nawaambia, siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu.

Ikabaki Kalamba. Meneja alisema ataenda kumwomba mzee radhi, na Mama Mbithe akasema yeye pia anaenda, hawezi kutuachia barabara yote sisi wawili. Tulipofika, baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, katika jua lile. Baba zangu wadogo wako kivulini na sahani. Baba akainuka, akamshika meneja mkono kwa mikono yake miwili, na nilipoona hivyo nilitaka kurudi ndani ya gari. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa bado ameshika ule mkono.

"Kwa hivyo hakuna mtu," akasema.

"Hakuna, baba."

"Na hiyo meseji ya mwanzo tu?"

"Niliandika mimi."

Alikuwa ameshamsomea kila jirani hiyo meseji. Akauachilia mkono wa meneja, akaketi. Nimefanya makosa mengi ya kompyuta, lakini hakuna lililowahi kuniumiza kama kumwona akifungua vifungo vya lile koti.

Aliyetuokoa ni Mama Mbithe. Alivuta kiti, akaketi katikati ya wazee, akasema, "Aliyechinjwa hafufuki. Nipeni ubavu." Baba mdogo mmoja akacheka, akasema ini wameshakula wao na hawana la kurudisha. Na baba naye, polepole, mabega yakaanza kutikisika. "Mimi Nzioka," akasema, "nimekula ntheo ya kompyuta."

Wiki iliyofuata Mama Mbithe alipanda ngazi za ofisi yangu, akanusa ile dawa ya kupe, akasema jina la mume wake litoke kwa hiyo oda. Haki yake. Shida ni kwamba nilikuwa nimeujenga mfumo vizuri mno: oda ikishafika haifutiki, na jina la mnunuzi haliwezi kuwa tupu wala la uongo, linabadilishwa tu kuwa la yule aliyelipa. Aliyelipa ni mimi. Kwa hiyo mkienda kuangalia leo, oda ya kwanza ya chama cha Tawa inasema hivi: mnunuzi, Mueni Nzioka, mpokeaji, Mzee Nzioka, mbuzi watatu, imefika. Nimejiposa mwenyewe na risiti ninayo. (Baba aliomba nakala, ameiweka ndani ya Biblia.)

Tangu siku hiyo nimeapa, na naapa tena mbele yenu: sitajaribu kitu kwa jina la mtu aliye hai, wala kwa boma lenye moshi, wala sitaacha kamstari kalale hata usiku mmoja kwa sababu ya nguo ya kupiga pasi. Na ule msemo wangu wa hata mimi mwenyewe, nimeutupa.

Wale majike wawili baba alikataa kuwauza. Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia kunipa habari zao, na juzi alisema mmoja amezaa mapacha.

"Mwambie mwenyewe wa hizi mbuzi aje azione," akasema. "Zinaongezeka."

"Baba, mwenyewe ni mimi."

"Najua," akasema. "Basi kuja wewe."