Nilivyouonea Haya Mto Kitoroni

Siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimetoka shule, najiona nimesoma kweli kweli. Akaja kijijini kwetu, bondeni chini ya milima ya Amani, bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisema anaandika majina ya mito kwa ajili ya ramani. Akamkuta shangazi yangu Mwanahawa akifua mtoni.

"Shikamoo mama. Mto huu waitwaje?"

"Marahaba. Sisi twauita mto tu," akajibu, akaendelea kufua.

Jina alilijua: Kitoroni. Waliotoroka utumwa huko mwambao walijificha pale, wakajenga, na ndio babu zetu. Lakini mimi, nikuambie kweli, sikutaka kuitwa mjukuu wa watoro. Vibarua wa shamba la mkonge la jirani waliuita Kwa Bwana, maana pampu ya tajiri wao ilikuwa pale. Nikadakia, "Waitwa Kwa Bwana." Akanipa karatasi, nikatia saini bila kuisoma.

Alipoondoka, shangazi akanitazama. "Mito ipo mitatu hapa. Mbona kauliza jina la huu mmoja tu?"

Nikacheka. Wazee na wasiwasi wao!

Haukupita mwaka, tajiri akazungusha seng'enge hadi ukingoni mwa mto, makaburi yetu na bonde letu la mpunga vikiwa ndani. Kwenye baraza la kijiji mtu wake akainua karatasi ile: wenyeji wenyewe wamekiri kuwa mto ni wa Bwana. Nikasimama.

"Saini ni yangu. Jina silo. Mto ni Kitoroni, na mimi ni mjukuu wa watoro."

Wazee wakaonyesha makaburi yaliyokuwepo kabla ya mkonge. Tukarudishiwa makaburi na njia ya maji. Bonde la mpunga likabaki ndani ya seng'enge, pamoja na jaruba la shangazi. Hakunigombeza hata siku moja, ila hakulima mpunga tena mpaka anakufa.

Basi, mwanangu, siku hizi mwaulizwa majina hata kwenye simu, tena kwa heshima nyingi. Usimjibu mtu kabla hujajua jibu lako litamfaa nini. Usitie saini usichokisoma. Na jina walilokuachia wazee wako, hata likikutia haya, litaje lilivyo.

Mungu akupe macho ya kuona nyuma ya tabasamu, akulindie kilicho chako. Amina.