Sahihi ya Mama Bisi

Kila kompyuta aliyoiunda ilitoka dukani na karatasi ndani ya kifuniko: prosesa gani, kadi ya picha gani, imejaribiwa kwa saa ngapi, na chini yake sahihi. Wateja walimwita Mama Bisi kwa sababu ya bisibisi aliyozoea kuichomeka kwenye nywele. Miaka kumi na mmoja ya ufundi, na cha kujivunia alikuwa na jina hilo tu. Duka lenyewe lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake.

Sasa jamani, asubuhi moja akaingia dereva wa lori, mzee aliyestaafishwa na goti bovu, anasukuma kompyuta yake na usukani wake wa mchezo kwenye toroli. Aliinunua wiki mbili nyuma ili aendeshe malori ya mchezo, maana yale ya kweli ameshakatazwa.

"Mama, umeniuzia nini?" aling'aka. "Lori linakwama kila kona! Picha inaganda, ikizinduka nimeshaingia mtaroni. Halafu watu wanakusifu eti fundi!"

Maneno yakamchoma. "Mzee wangu, niliijaribu saa tatu nzima. Haikukwama hata mara moja."

"Labda shemeji alichoka siku hiyo," mwenye duka akadakia kutoka mezani kwake. "Ndio ubinadamu, mzee."

Alichoka! Mama Bisi akachomoa bisibisi kichwani, akafungua kifuniko. Kadi ya picha ilikuwa ile ile, kubwa, ya nguvu. Akang'oa feni, akafuta gundi ya kupoozea, akasoma namba ya prosesa. Loo! Karatasi inasema nyingine kabisa.

"Mzee, njoo uone. Kadi hii ina mbio, lakini lazima prosesa iipe kazi. Hii ni dhaifu, haiwahi, kwa hiyo kadi inakaa kusubiri. Ndiyo kule kukwama."

"Yaani injini ya lori, giaboksi ya pikipiki?"

"Hapo hapo. Na mimi sikuifunga hii."

Akamgeukia shemeji yake. Bwana huyo wiki mbili nzima alikuwa akitamba kwamba mashine yake siku hizi inaruka, na kazi yake ni kuandika barua na kucheza karata! Sasa alijitia hamnazo, ananyoosha nyaya zilizonyooka.

"Shemeji, prosesa ya mzee iko wapi?"

"Haya tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani sikutukanwa. Nimetukanwa hapa, tutayamaliza hapa hapa! Zima hiyo mashine."

"Lakini nina barua..."

"Zima!"

Mama Bisi akaifungua, na prosesa ya mzee ilikuwa humo. Akaitoa, akairudisha kwenye kompyuta ya mzee, akapaka gundi mpya, akafunga feni. Mzee akakamata usukani wake wa mchezo. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lori likapita bila kusita, mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mama Bisi hakucheka. Akachukua ile karatasi, akaiweka mbele ya shemeji yake pamoja na kalamu.

"Andika chini ya sahihi yangu: prosesa niliibadilisha mimi."

"Shemeji! Mbele ya mteja?"

"Si mbele ya mteja uliponiita mchovu?"

Akaandika, jasho linamtoka. Mama Bisi akasoma kila neno, akakata utepe wa gundi, na safari hii akaibandika nje ya kifuniko.