Kiberiti cha Gesi Kando ya Mafiga

Nilirudi Newala likizoni kutoka chuo kikuu nikiwa nimechoshwa na safari, na zaidi na watu walioniuliza nitakuwa nani. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenisomesha, kwa hiyo nilimletea kutoka Kampala kiberiti cha gesi cha kujazwa, pamoja na kopo la gesi yake. Viberiti vya petroli vyenye utambi alivizoea. Hiki alikipenda kwa sababu hakikuacha harufu ya mafuta mfukoni.

Haikupita wiki kikaanza kugoma. Cheche zilitoka, moto haukushika. Akakijaza upya, kikawaka kidogo, kikazimika. Ulikuwa msimu wa ukungu, na kwetu kiberiti kikigoma msimu huo hakuna anayejiuliza sababu. Kinapelekwa jikoni kukaushwa, kama tunavyokausha njiti. Asubuhi moja niliingia kuota moto nikakikuta kando ya mafiga, chini ya paa la nyasi, mama akichochea kuni.

Nilikishika kwa ncha ya kanga, nikatoka nacho hadi nyuma ya nyumba, nikakiweka mchangani kipoe. Mjomba akanifuata, sigara mdomoni.

"Unakimbia na mali ya nani?"

"Kinavuja, mjomba. Tafadhali zima sigara."

"Hujaniamkia, unaniamuru."

"Shikamoo."

"Marahaba." Hakuizima.

Kesho yake alikuwa anakwenda Masasi kuonana na wenzake, walimu wastaafu wa kanisa, na habari za kiberiti zilikwisha kutangulia. Yeye aliona aibu ya kwenda mikono mitupu. Mimi niliona mfuko wa shati lake, ulivyokaa juu ya kifua.

Nilimwomba mama bakuli la maji nikizamishe, mapovu yatuonyeshe panapovuja.

"Maji haya nimeyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa," alisema. "Huko chuoni wanaogesha viberiti?"

"Huyu haamini mizimu," mjomba akamwambia, "haamini hata mahubiri yangu. Leo anataka tuamini hewa."

Mahali pake, mimi pia ningesema hivyo. Alipotaka kuinama atazame, nilikifunika kwa kiganja. Tulitazamana mpaka akachoka, akaenda kuizika sigara mchangani mbali na sisi.

Ndipo nilipokipindua, nikapaka mate kwenye tundu la kujazia. Mate yalivimba, povu likapasuka, likaja jingine.

"Mate," alisema mjomba. "Miaka yote ile ya karo, mate."

Lakini aliendelea kutazama. Akasogeza kidole gumba, akahisi ubaridi wa gesi, akakirudisha haraka.

"Na hii ndiyo nililala nayo mfukoni?"

"Ndiyo."

Kipete cha mpira kwenye tundu kilikuwa kimepasuka. Kila alipojaza alilisokota kopo kwa nguvu, kama anakaza skrubu, badala ya kulikandamiza wima. Mpira wa namna hiyo Newala haukuwapo, na Lindi sidhani. Nilimwambia kisijazwe tena. Kisha nikageuza uso pembeni, nikabonyeza tundu kwa mwiba, gesi ikafoka na kunigandisha vidole. Nilirudia mpaka kikaacha kutoa sauti. Nikapaka mate tena, hayakuvimba. Kopo nikalihamishia chumba cha nje, mbali na jua na jiko. Mjomba nikamwomba abadilishe shati lililobeba kiberiti kabla hajarudi karibu na moto, naye akabadilisha mara moja. Hilo lilinichosha kuliko ubishi.

Alfajiri alipokuwa akingoja lori la Masasi, nilikiona kiberiti mfukoni mwake.

"Mjomba."

"Ni kitupu, umekikagua mwenyewe." Akakitoa, akakifuta kwa leso, akakirudisha. "Nitawaambia gesi imeisha. Kuna uongo hapo?"

Nilitafuta uongo, sikuuona. Nikampa njiti zangu za kuwashia sigara njiani.