Vidonge vya Nguvu Ndogo

Siku zangu za mwezi zilipokoma sikusikitika wala sikufurahi. Nilikuwa naishi Soga na mume wangu, nyapara wa vibarua wa reli, na treni ikisimama nilikuwa nikiwauzia abiria vitumbua. Halafu joto likaanza. Lilikuwa likipanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho linanitiririka mgongoni, na kwa kuwa nilikuwa mbele ya jiko watu walidhani ni moto tu. Mwishowe sikuweza tena kukaa na kikaango. Nikaacha biashara, nikawa nakaa barazani natazama treni zikipita.

“Una nini?” mume wangu aliniuliza.

“Sina kitu.”

Sikumdanganya. Tulipoletewa habari kwamba binti yetu amejifungua salama, nilisema Alhamdulillahi, lakini ndani yangu hapakutikisika kitu.

Dada yangu aliyeolewa Kisarawe ndiye aliyenitoa pale. Nilipanda treni hadi Pugu, akanipokea, tukapanda kilima kwa miguu mpaka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, Kiswahili chake cha taratibu. Alinieleza kwamba mwili wangu umeacha kutengeneza kitu kinachowapa wanawake siku zao, na vidonge vyake vitanirudishia kidogo. Nilimsikiliza kama anayeeleza habari za mtu mwingine.

Nikabaki kwa dada, na joto likakatika upesi. Lakini kila asubuhi nilitapika, matiti yakaniuma hata kanga ikawa nzito. Kisha, katikati ya Ramadhani, nikaona damu. Mimi, bibi wa mjukuu! Sikujua nifunge au nile, niswali au nikae. Dada alikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa, akarudi na jibu: “Anasema muulizeni daktari kwanza damu hiyo ni ya nini, ndipo naye atajua la kusema.”

Tukarudi kwa daktari. Alinipima, akasema haoni ugonjwa, ni nguvu ya dawa.

“Viko vingine,” akasema, “vya nguvu ndogo. Tumbo litatulia. Lakini joto huenda lisiishe lote.”

“Mpe hivyo,” dada akadakia.

“Mwache aseme mwenyewe, Mama.”

“Na damu?” nikauliza.

“Nadhani itakoma. Ikija tena, usikae nayo nyumbani. Njoo nikupime.”

“Na nikiacha vyote?”

“Joto litaisha lenyewe siku moja. Ni lini, siwezi kukuambia.”

Wote wawili wakanitazama. Nilijaribu kupima: kutapika upande huu, kuungua upande ule. Nikatafuta ninachokitaka, sikukiona. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja wa hospitali, nikasikiliza ufagio wake. Dada akanigusa goti.

“Mdogo wangu, sema.”

“Nikivitumia hivyo,” nikamwuliza daktari, “nitaweza kukaa jikoni?”

“Nafikiri utaweza. Si siku zote.”

“Basi nipe.”

Dada alianza kulia. Nikamshangaa, mimi nilikuwa nimeuliza habari ya jiko tu. Njiani akaniambia ni mara ya kwanza tangu mwaka uanze kunisikia nikitaka kitu.

Vidonge vile havikunitapisha. Damu ilikoma, nikalipa funga zangu baada ya Idi. Joto bado lilikuja, lakini kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, linapita. Nilirudi Soga, nikaanza tena kukaanga. Abiria waliokuwa wakinijua waliniuliza nilikuwa wapi, nikawajibu nilisafiri.

Ule ukimya wa ndani haukuondoka na joto. Nilipokwenda kuchukua vidonge vingine nilimweleza daktari, akaniambia hajui kama dawa yake inafika huko, akaniomba nisikae peke yangu sana. Baadaye alihamishwa, vidonge vikaisha, sikuomba vingine. Joto lilirudi kwa muda, kisha likapotea. Siku gani, sikumbuki.