Damu ya Kitovu Iliyozikwa Jang'ombe

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nlikuwa mchukuzi wa watafiti. Mwanamke akijifungua, akiridhia, wanakinga damu inayobaki kwenye kitovu, mie naipeleka uwanja wa ndege ndani ya deli la barafu. Huko ng'ambo wanaihifadhi. Daktari kanambia ndani mna chembe changa, zinaweza kugeuka mfupa, nyama, chochote. Nkamwambia, "Kama shemegi yangu: asubuhi fundi, mchana dalali, jioni shekhe!"

Siku moja kajifungua mke wangu hospitalini, mtoto wa kwanza. Karidhia, damu ikakingwa. Mama mkwe naye kaja na deli lake la zamani la kuuzia malai ya barafu, atilie kondo la nyuma akalizike nalo nyumbani kwake Jang'ombe. Madeli yote mawili ya buluu. Furaha ilinipofua macho: nkampa moja, jengine nkalifunga kwenye vespa.

Uwanjani mpokea mizigo kafungua. Kondo! Limefungwa kitambaa cheupe, limetulia kama bi harusi.

"Ndege imebakisha saa moja," kanambia.

Damu ile hukingwa mara moja tu, mtoto azaliwapo. Ikipotea, imepotea. Nkageuza vespa. Wallahi nlikwenda mbio, kivuli changu kilinifikia siku ya pili!

Jang'ombe, mkwe keshafukia shimo, anasawazisha udongo kwa mguu.

"Shikamoo mama. Fukua!"

"Marahaba. Nifukue nini, umerogwa?"

"Umezika damu ya daktari. Hukutazama ndani?"

"Nani anachungulia kondo? Mkwe huna haya!"

Nkamfunulia deli langu. Kaliona kondo, kajishika kiuno.

"Na dua nshasoma yote!"

Tukafukua kwa mikono, yeye analaani, mie nalia na kucheka. Deli limejaa tope nje, kifuniko hakijaguswa.

"Inakwenda wapi hiyo?"

"Ng'ambo, mama. Wakajifunze kutibu watu."

Kalikumbatia deli lenye tope. Mjukuu wake, nusu azikwe hapa, nusu apande ndege? Nnatazama jua, nnatazama vespa, miguu haitulii.

"Haya nenda. Dua imeshaipata. Lakini waambie wakimaliza warudishe!"

Nkamwachia kondo lake, nkafika uwanjani wanafunga mizigo. Mpokea mizigo kaitia kipimajoto: baridi ipo. Mie ndo nlokuwa nachemka.

Mpaka leo ndege ikipita juu ya Jang'ombe, mkwe anatoka uani, anainua shingo.

"Hawajarudisha tu?"